Azimio la kazi linaloachwa nyuma kila Aprili: hesabu vipindi kabla ya kugawa mada

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nafundisha Hisabati Darasa la IV katika shule ya msingi wilayani Bahi, Dodoma. Darasa lina wanafunzi 87, vipindi 5 kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Azimio la kazi, yaani mpango wa mada za mwaka mzima, nililipata kwa mwenzangu kwenye kundi la WhatsApp, nikabadilisha jina la shule na mwaka. Sasa ni mwisho wa Aprili na niko nyuma wiki 4. Mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) aliyetutembelea ameniandikia kwamba azimio, andalio (mpango wa kipindi kimoja) na shajara yangu (kumbukumbu ya nilichofundisha) "havisomani", yaani kila kimoja kinasema lake. Nikikimbia watoto hawaelewi, nikienda taratibu simalizi. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, umefanya vema kuleta namba, kwa sababu tatizo lako ni la namba kabla halijawa la mbinu. Kwa maelezo yako, huendi polepole. Azimio ulilolichukua lilikuwa limejaa kuliko mwaka wenyewe tangu siku ya kwanza ya Januari, na hata ungefundisha bila kukosa siku moja, Aprili ingekukuta nyuma.

Tuhesabu pamoja. Kalenda ya Wizara hutoa siku 194 za masomo kwa mwaka. Mwenye kipindi kimoja cha Hisabati kila siku huona vipindi 194 na kuanza kuvigawa kwenye mada. Kwa Darasa la IV hapo ameshapotea, kwa kuwa Upimaji wa Kitaifa hufanyika mwishoni mwa Oktoba, na ulichokipanga Novemba hakimfai mtoto aliyekwisha kupimwa. Kwa hiyo wiki zako ni zile za Januari hadi wiki ya upimaji, ukitoa likizo. Tuseme ni wiki 20 za muhula wa kwanza na 14 za muhula wa pili: wiki 34, vipindi 170.

Sasa toa vinavyoliwa. Majaribio ya kati na mitihani ya muhula, siku 12. Sikukuu zinazoangukia siku za kazi, 7. Siku za kufungua na kufunga shule, ambazo kwenye karatasi zinafundishika lakini darasani ni usafi, usajili na kugawa vitabu, 4. Siku mbili za mtihani wa Darasa la VII mwezi Septemba, shule inapogeuka kituo cha mtihani na madarasa mengine hubaki nyumbani, 2. Ugeni, michezo, semina na kikao cha wazazi, 3. Jumla 28. Umebaki na 142.

Katika hizo 142 weka akiba ya vipindi 12 ambavyo havina mada yoyote. Mwalimu ataugua, mvua itafunga njia, somo moja litagoma na kuhitaji kurudiwa. Kisha tenga vipindi 10 vya marudio kabla ya upimaji. Vinavyobaki kwa mambo mapya ni 120. Kati ya 170 na 120 kuna vipindi 50, yaani wiki 10 nzima za kufundisha ambazo azimio lako lilizihesabu na hazipo. Namba za shule yako zitapishana kidogo na hizi, nawe una kalenda na ratiba mkononi. Zifanyie kazi kwa penseli, mwezi kwa mwezi, kabla hujaandika mada hata moja.

Akiba hiyo ya vipindi 12 ndiyo walimu wengi huogopa kuiandika, wakidhani mkaguzi ataiona kama uvivu. Iandike waziwazi: "Kufidia na kuimarisha". Azimio lisilo na nafasi ya kupumua huvunjika kwenye tatizo la kwanza, na likishavunjika mwalimu hulifunga kabatini na kuanza kufundisha kwa kufuata kurasa za kitabu. Nadhani hapo ndipo "kutosomana" kwako kulipoanzia.

Sasa chanzo cha azimio. Mtaala unasema mtoto anatakiwa awe nani na aweze nini. Muhtasari wa somo unavunja hilo kuwa umahiri mkuu, umahiri mahususi na shughuli za ujifunzaji, pamoja na vigezo vya upimaji na idadi ya vipindi inayopendekezwa. Kitabu cha kiada ni njia mojawapo ya kufika huko. Azimio hutoka kwenye muhtasari. Ukilitoa kwenye kitabu utajikuta unapanga "kurasa 34 hadi 41", na ukurasa hauna kigezo cha upimaji.

Kwenye azimio la kunakili angalia jambo moja zaidi: ni la mtaala upi? Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa Awali, Darasa la I na Darasa la III, na hao wa la III ndio waliopanda la IV mwaka 2025. Kwenye makundi ya simu bado yanazunguka maazimio ya muhtasari wa zamani yenye mwaka mpya juu. Ukikuta shughuli kwenye azimio ambayo huioni kwenye muhtasari ulio mezani kwako, hilo si la kwako. Muhtasari na vitabu vya kiada vinapatikana bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Vipakue mara moja mjini kwenye mtandao mzuri, uvihifadhi kwenye simu.

Ukishakuwa na vipindi 120 vya kweli, chukua idadi inayopendekezwa kwenye muhtasari kwa kila umahiri mahususi na uipunguze kwa uwiano huo. Umahiri uliopewa vipindi 24 katika hesabu ya 170 utapata 24 × 120 ÷ 170, ambayo ni karibu 17. Huo ni mwanzo tu. Usikate kila mada sawasawa hadi mwisho, maana mada hazina uzito sawa kwa watoto wako, na anayeamua uzito ni jaribio la utambuzi.

Jaribio la utambuzi ni maswali 10 ya Darasa la III, hufanywa wiki ya kwanza, dakika 40 zinatosha. Mawili ya thamani ya tarakimu, mawili ya kutoa kwa kuchukua, mawili ya kuzidisha, moja la kugawanya, mawili ya sehemu na moja la fedha. Usitoe maksi. Chora jedwali lenye majina upande mmoja na maswali 10 upande mwingine, weka alama ya vema au mkasi. Safu yenye vema nyingi ni mada ya kupunguziwa vipindi. Yenye mikasi mingi ni ya kuongezewa. Kama watoto 70 kati ya 87 wanahesabu fedha bila shida, na wa vijiji vyenye mnada mara nyingi wanaweza kwa kuwa hutumwa dukani kila siku, mada ya fedha haihitaji vipindi vyote ilivyopewa. Kama kutoa kwa kuchukua kumewashinda 50, kugawanya kwa njia ndefu kutakwama, kwa sababu ndani yake kuna kutoa kwa kuchukua kila hatua.

Halafu kuna kalenda ambayo Wizara haiichapishi, ya mvua na shamba. Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Januari na Februari ni palizi. Kuelekea Machi na Aprili uwele na mtama hubeba punje na watoto hutumwa kuamia ndege. Kweleakwelea wakishuka, darasa la watoto 87 hubaki na 50. Korongo likijaa, mtoto wa ng'ambo haji, na hapo halaumiwi mtu. Mei na Juni ni mavuno. Julai hadi Septemba ni ukavu, baridi ya asubuhi, njia zinapitika, na kwa kawaida mahudhurio hutulia.

Fungua daftari la mahudhurio la mwaka jana, hesabu wastani wa kila wiki, uuandike pembeni mwa azimio. Mahali wastani unaposhuka chini ya robo tatu ya darasa usianzishe mada ambayo nyingine zinaitegemea. Katika Hisabati, thamani ya tarakimu na matendo manne hayahamishiki, lazima yatangulie. Ila fedha, wakati, vipimo, maumbo na takwimu zina uhuru zaidi. Vipimo vya uzito nashauri uviweke Mei au Juni. Mavuno yanapokuwa nyumbani, debe la mahindi na debe la alizeti yanapatikana kwa kuomba kwa mzazi mmoja, na watoto wataona kwenye mizani kwamba debe lilelile likijaa alizeti ni jepesi kuliko likijaa mahindi. Hapo utakuwa umefundisha tofauti ya ujazo na uzito kwa kipindi kimoja, jambo ambalo kwa ubao mtupu huchukua vipindi vitatu na bado huchanganya. Mwalimu wa Sayansi au wa Jiografia na Mazingira akikubali mpime mvua pamoja Januari, takwimu zako za grafu za Agosti utakuwa unazo tayari, za kijiji chenyewe.

Uhamisho wa mada mwonyeshe mwalimu wa taaluma kabla hujaanza, na sababu uiandike kwenye safu ya maoni. Mthibiti ubora hana ugomvi na mpangilio uliobadilishwa kwa sababu iliyoandikwa. Asichoweza kukubali ni mada ya Machi kuonekana kwenye shajara ya Juni bila neno lolote.

Nije kwenye andalio la somo. Najua mzigo ulivyo: mwenye vipindi 28 au 30 kwa wiki hawezi kukaa kila jioni na kuandika maandalio sita kuanzia sifuri. Ndiyo maana watu hunakili. Dawa ni kuandaa kwa mnyororo, si kwa siku. Chukua umahiri mahususi mmoja wenye vipindi 5, ukae Ijumaa mchana au Jumamosi, uandike vyote vitano kwa mkupuo. Cha kwanza ni vitendo kwa zana. Cha pili ni kutoka kwenye zana kwenda kwenye mchoro na alama. Cha tatu ni mazoezi yenye kukua. Cha nne ni matumizi katika fumbo la maneno. Cha tano ni jaribio fupi na kurekebisha makosa. Ukiandika hivi, zana unaziandaa mara moja, na kila andalio linajua liliachwa wapi na linaelekea wapi. Kwa saa mbili hadi tatu wiki nzima ya somo moja inakuwa imekaa.

Majina ya hatua za andalio yafuate fomu mliyopewa shuleni, usipoteze muda kubishana nayo. Ila mpangilio wa kufikiri uwe kinyume cha mpangilio wa kuandika: anza na swali la mwisho. Kabla ya utangulizi, kabla ya zana, andika maswali mawili au matatu ambayo mtoto atayafanya dakika za mwisho ili ujue kama ameweza. Hayo ndiyo lengo lako. "Mwanafunzi aelewe sehemu" huwezi kulipima kipindi kinapoisha. "Kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi ajumlishe sehemu mbili zenye asili (namba ya chini) moja na kuonesha jibu kwa mchoro, angalau maswali mawili kati ya matatu" unaweza.

Tuchukue somo hilohilo, kipindi cha kwanza cha mnyororo. Maswali ya mwisho: 3/8 + 2/8, 1/4 + 2/4, na 2/6 + 3/6 pamoja na mchoro. Kosa utakalolikuta linajulikana kabla: watoto wataandika 3/8 + 2/8 = 5/16. Linatoka wapi? Mtoto amezoea kwamba namba mbili zenye alama ya kujumlisha katikati hujumlishwa, hivyo anajumlisha za juu kisha za chini. Hajaona bado kwamba 8 inataja ukubwa wa kipande, na vipande haviongezeki udogo kwa kuwekwa pamoja. Ukimwambia "asili haijumlishwi" ataitika leo, wiki ijayo atarudi palepale. Inabidi mikono yake ione.

Zana ni karatasi. Dawati lina watoto 3, kwa hiyo madawati 29. Karatasi ya A4 ikikatwa kwa urefu inatoa vipande virefu 4, hivyo karatasi 8 zinatoa vipande 32: kimoja kwa kila dawati na vitatu vya akiba. Kurasa za daftari lililokwisha zinafaa vilevile. Kila dawati linakunja kipande katikati, linakunja tena, linakunja mara ya tatu, likifungua linapata sehemu 8 zilizo sawa. Onyesha mkunjo wa kwanza mwenyewe, ukisisitiza kingo zikutane, kwa sababu wakikunja ovyo vipande havitakuwa sawa na hoja yote itaharibika.

Dakika 5 za mwanzo: wanaingia, unauliza swali moja la jana, mikono inainuliwa. Dakika 15: kukunja, kupaka rangi au kuchora mistari kwenye vipande 3, kisha kwenye vipande 2 kwa alama nyingine. Uliza, "Vyote vilivyochorwa ni vingapi? Na kipande kimoja ni sehemu gani ya karatasi?" Hapa acha wabishane kwenye dawati kabla ya kupokea jibu. Kama kuna atakayesema 5/16, mwambie akunje kipande cha akiba mara nne apate sehemu 16, apake 5, ailinganishe na ya jirani. Ataona eneo lililopakwa limepungua badala ya kuongezeka. Dakika 10: unaandika ubaoni, wao wanachora mstatili daftarini na kuandika 3/8 + 2/8 = 5/8, kisha mfano mmoja wa pili. Dakika 7: maswali matatu kimyakimya. Dakika 3: majibu na kazi ya nyumbani, maswali yasiyozidi mawili. Jumla 40.

Ziangalie zile dakika 15. Huko ndiko somo liliko, na ndizo hukatwa kwanza mwalimu akiona yuko nyuma. Utangulizi wa dakika 12 wenye wimbo na hadithi ni mzuri kutazama, lakini umekula muda wa mikono. Kama kengele ya kipindi kilichotangulia imechelewa dakika 5, punguza mfano wa pili ubaoni, usiguse karatasi wala maswali ya mwisho.

Kuhusu kusahihisha madaftari 87: kwa dakika moja kila daftari ni saa moja na nusu kila siku kwa somo moja, na haiwezekani. Gawa darasa makundi matatu ya 29, mtoto mmoja kutoka kila dawati. Kila siku unakusanya kundi moja, kwa hiyo ndani ya siku tatu umeona kazi ya kila mtoto. Wawili wengine wa dawati wanabadilishana madaftari na kusahihisha kwa majibu ya ubaoni huku ukizunguka. Ukipita, beba karatasi yenye makosa matatu unayoyategemea na uweke kijistari kila unapoliona moja. Ndani ya dakika 7 za zoezi unaweza kupitia darasa zima kwa namna hiyo.

Hivyo vijistari ndivyo vitakavyoijaza sehemu ya tathmini. Kwenye maandalio mengi pale pameandikwa "Somo limeeleweka vizuri" kila siku, mwaka mzima, hata siku ambayo nusu ya darasa ilikosa. Sentensi hiyo haimfundishi mtu kitu. Andika hivi: "Waliopata 2 kati ya 3 au zaidi ni 51 kati ya 87. Wanafunzi 22 walijumlisha asili, 14 walikosea kuhesabu au hawakumaliza. Kesho: dakika 10 za karatasi kwa hao 22 kwenye madawati ya mbele, wengine waendelee na zoezi." Maneno 35 hivi, lakini yanaamua kipindi cha kesho.

Kiwango cha kuamua, kwa maoni yangu, kiwe rahisi. Robo tatu ya darasa wakipata, kwako ni watoto 65 hivi, songa mbele na uwape msaada waliobaki. Kati ya nusu na robo tatu, songa mbele lakini kipindi kijacho kianze kwa dakika 10 za kurekebisha lile kosa lililojitokeza zaidi. Chini ya nusu, yaani chini ya 44, tumia kipindi kimoja cha akiba, na usirudie somo kwa namna ileile. Kilichoshindikana kwa ubao hakitafanikiwa kwa ubao wenye sauti kubwa zaidi.

Shajara sasa inakuwa kazi ya dakika mbili: tarehe, kipindi, shughuli iliyofundishwa kwa maneno yaleyale ya azimio, na sahihi. Kama ulipanga kufundisha A na B ukaishia A, shajara iseme A. Azimio kwenye maoni liseme "B imehamia wiki ya 3, kipindi cha akiba". Andalio la kesho lianze na B. Mtu yeyote akishika vitabu vitatu hivyo atafuata nyuzi bila kukuuliza. Huko ndiko kusomana anakokutaka mthibiti ubora, na pia ndiko mwalimu mwingine atakakoshika ukipata uhamisho au likizo ya uzazi.

Tuje kwenye Aprili yako hii, maana mwaka umeshaenda. Usikimbie, na usiruke kurasa kwa kubahatisha. Tumia mapumziko ya siku mbili yajayo kuhesabu vipindi vya kweli vilivyobaki hadi upimaji, kwa njia ile ya juu: wiki zilizobaki mara 5, toa mitihani, sikukuu, siku za kufunga na kufungua, marudio 10 na akiba kidogo. Tuseme unapata 70. Kisha jumlisha vipindi vya shughuli zote ambazo hujazifundisha. Tuseme ni 92. Pengo ni 22. Usiliogope, lipunguze kwa zamu.

Kwanza, jaribio la utambuzi hata kama ni Mei. Mada ambazo watoto wanaziweza zipunguziwe. Katika mfano huu tuchukulie umeokoa vipindi 8. Pili, unganisha shughuli zinazofanana kiutendaji. Mzingo wa mstatili ni kujumlisha urefu, kwa hiyo unafaa kufundishwa pamoja na mazoezi ya vipimo vya urefu. Mafumbo ya fedha yanaweza kuwa ndiyo mazoezi ya kutoa na kuzidisha badala ya kuwa mada peke yake. Kusoma majedwali na grafu kunaingia kwenye takwimu za uzito mlizopima wakati wa mavuno. Ukiunganisha kwa uangalifu, 9 zinapatikana. Zilizobaki ni 5, na hizo zitafute kwenye vipindi vya ziada.

Vipindi vya ziada navyo viwe na kipimo. Watoto wa Bahi wengi hutembea mbali, na kumweka mtoto shuleni hadi saa kumi na moja bila chakula ni kumfundisha asiyesikia. Dakika 20 kabla ya kipindi cha kwanza, mara mbili kwa wiki, kwa wale tu waliofanya kosa fulani, zinaleta matokeo kuliko saa nzima ya jioni kwa darasa zima. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu na uwaarifu wazazi.

Ambacho hakikatwi kwa hali yoyote ni matendo manne, thamani ya tarakimu na msingi wa sehemu. Mtoto asiyejua grafu Darasa la IV ataijua la V bila kuumia. Asiyejua kugawanya atakaa mbele ya kila mada ya Hisabati akiwa amefungwa mikono.

Huna sababu ya kufanya haya peke yako. Kama shule ina Jumuiya ya Ujifunzaji chini ya mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, peleka mada yako moja inayogoma, mwombe mwenzako akae nyuma ya darasa na kuhesabu jambo moja tu: ni watoto wangapi waligusa zana ndani ya dakika 15. Na kama kata yenu ina walimu wengine wa Hisabati Darasa la IV, gawaneni minyororo, kila mmoja aandae miwili na kuwapa wengine. Kupokea andalio la mwenzako si kosa. Kosa ni kulitumia kabla hujabadilisha idadi ya watoto, zana ulizonazo, swali la mwisho na makosa unayoyategemea kwa watoto wako.

Azimio lililorekebishwa liandike upya kwenye karatasi mpya badala ya kufutafuta la zamani. La zamani libaki nyuma yake. Juu yake weka nusu ukurasa wa maelezo: vipindi vilivyokuwepo, vilivyopotea na kwa sababu gani, mada zilizounganishwa, mada zilizohamishwa. Mpe mwalimu wa taaluma na mwalimu mkuu wasaini kabla ya shule kufunga Juni, ili Julai uanze nalo.

Na zile wiki za Novemba baada ya upimaji, ambazo madarasa mengi ya la IV huzimaliza kwa michezo na usafi, zipangie sasa hivi kwenye azimio hilohilo. Weka humo shughuli ulizozibana au kuziacha, na siku za kufunga shule umkabidhi mwalimu wa Hisabati Darasa la V orodha ya majina ya watoto na yale maswali 10 ya utambuzi yakiwa na vema na mikasi ya mwisho wa mwaka, ili Januari asianze kwa kukisia.